Alama ya Kikombe

Halmashauri imenipa penseli nyekundu,
ramani ya mwaka juzi na kengele ya kufukuzia dubu.
Kazi: niitembee njia kongwe ya Kiso, toka daraja hadi kilele,
na kila penye kahawa ya haja
nichore kikombe kidogo kinachofuka moshi.
Ni kwa ajili ya watalii wa Aprili, alisema mkuu wangu,
aliyekwisha kuivaa koti la kurudi nyumbani.

Mkahawa wa kwanza uko pale basi linapogeuzia.
Mabango sita kabla hujaufikia.
Kizuri chajiuza, nikawaza,
na hiki mbona kinapayuka hivi?
Dirisha ni zuri, sikatai: bonde zima liko chini yake,
majaruba yamevunwa, mabua yamefungwa mafungu mafungu.
Lakini kahawa!
Maji yaliyosuuza kikombe cha mtu mwingine.
Nikachora kikombe. Moshi sikuchora.

Wa pili umefungwa.
Kalenda ukutani imeganda Juni, sijui Juni ya mwaka gani.
Kwenye giza la ndani viti vimepanda juu ya meza,
miguu hewani, kama mende waliokufa kwa adabu.
Jirani, Bwana Kurebayashi, anatungika matunda ya kaki kwenye uzi,
anasema bila kugeuka:
"Amehamia Nagoya kwa bintiye. Mashine kachukua, paka kaacha."
Paka ananitazama.
Katika orodha niliyopewa hakuna alama ya paka.
Nikafuta kikombe cha zamani; karatasi ikachubuka.

Baada ya hapo ni mawe na ukoga,
na mierezi iliyosimama wima
kama watu walioingia chumbani wakasahau walichofuata.
Kila kona kuna kibao: Piga kengele kwa nguvu.
Nikapiga. Nikaona haya.
Dubu, kama yupo, kanishinda ustaarabu.

Penye mteremko, mashine ya vinywaji,
peke yake, taa zinawaka mchana kweupe.
Nilinunua kopo la moto, nikalikumbatia kwa viganja viwili,
nikafurahi.
Hilo lisiingie kwenye ripoti.

Kisha harufu.
Hapakuwa na bango, wala pazia mlangoni,
ila harufu ya buni inayokaribia kuungua na kuokolewa
ikanishika pua ikanitoa njiani, nyuma ya maporomoko,
hadi kwa Bi Chizuko Minowa.
Anakaanga kwenye kikaango cha udongo, kile cha ufuta.
Anamimina maji kwa uzi mwembamba, haba na haba,
na kibaba hakina haraka ya kujaa.
Viti vitatu: cha mumewe, anayepanda saa tisa kutoka kiwanda cha mbao;
cha mama wa posta;
na cha aliyepotea.
Nikakaa cha tatu.

Sitaisimulia kahawa ile.
Niliiweka ulimini nikamkumbuka mtu niliyegombana naye
mwaka wa elfu mbili na tatu,
nikaona alikuwa na haki.

"Penseli hiyo," akauliza, "ya kuandikia au ya kufutia?"
"Vyote."
"Basi nisikilize. Ukinichora watakuja thelathini,
nami nitaanza kupenda fedha.
Nina miaka sabini na minne. Sitaki tabia mpya."
Akaniongeza nusu kikombe, bure,
jambo ambalo kisheria ni rushwa.

Jumatatu mkuu akakunjua ramani.
"Hapa katikati, kilomita nne nzima, hakuna kitu?"
"Kuna kona," nikasema.
Alinisubiri.
"Na dubu."
Akachora dubu, kwa wino, wala si penseli.

Sasa wanapita wakipiga kengele, wageni wa watu, kwa nguvu zote,
macho kwenye vichaka.
Bi Chizuko anasikia, anatazama saa,
anageuza buni.